Kidonda cha Mdomo Kisichopona: Jinsi ya Kumtumia Daktari wa Meno Kuhusu Virusi vya HPV

Ukiwa Nairobi na umeona kidonda, uvimbe au kinyama kinachofanana na chunjua mdomoni, ambacho hakijapona kwa wiki 2, mwone daktari wa meno kwanza, wala usisubiri mpaka kianze kuuma. Mwombe akague ulimi pande zote, chini yake, kaakaa na koo, kisha apapase shingo, kwa maana saratani ya koo inayosababishwa na HPV (virusi vya papiloma, ambavyo pia huleta chunjua), hasa aina ya 16, mara nyingi hujificha kwenye tonsili na shina la ulimi, na dalili ya kwanza huweza kuwa uvimbe wa shingo usiouma.

Chunjua huondolewa na daktari wa meno au mpasuaji wa kinywa. Penye shaka, hukatwa kipande kidogo kikapimwe maabara. Dai majibu kwa maandishi. Uvimbe wa koo au shingo ni wa daktari wa masikio, pua na koo, kwa mfano katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Usione haya kuuliza: virusi hivi ni vya kawaida mno, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Antibayotiki haziviui.