Waridi la jangwani: kulipanda, kulinywesha na kuliokoa likianza kuoza

Waridi la jangwani, Adenium obesum kwa jina la kitaalamu, huota lenyewe katika nyika na miamba ya maeneo makavu ya Afrika, kuanzia Senegali hadi Somalia, Kenya na Tanzania, na pia katika Rasi ya Arabuni. Huko hukaa miezi bila tone la mvua likitumia akiba iliyo ndani ya shina lake lililovimba. Sifa hiyo ndiyo inayoliponza bustanini. Mtu akisikia kwamba linavumilia ukame, hulinyima maji mwaka mzima, kisha anashangaa mbona halinenepi wala halichanui. Kuvumilia kiu si kuipenda. Wakati wa joto mmea huu hunywa sana, na shina nene na maua tele hutokana na maji hayo. Kinachouua ni maji yanayotuama kwenye mizizi, hasa hewa ikiwa ya baridi. Ndiyo maana tunaanza na udongo: ukiupata sawa, unaweza kunywesha mara nyingi bila hofu.

Udongo na chungu

Udongo wa kawaida wa shambani haufai peke yake, kwa sababu hushikamana na kukosa hewa. Changanya kwa ujazo sehemu 2 za mawe mepesi ya volkano au kokoto ndogo zilizochekechwa, punje za milimita 3 hadi 6. Sehemu 1 ya mchanga mnene wa mtoni uliooshwa. Na sehemu 1 ya mboji iliyoiva kabisa. Chenga za makumbi ya nazi zinaweza kushika nafasi ya mboji, ila zisuuzwe mara kadhaa kwanza ili chumvi itoke. Mchanga laini wa kupigia lipu huziba matundu ya hewa, na mchanga wa ufukweni una chumvi. Achana nayo yote miwili.

Upime mchanganyiko kabla ya kupanda. Jaza chungu, mimina lita moja ya maji, utazame. Maji yazame mara moja na yaanze kutoka chini ndani ya sekunde chache. Yakisimama juu kama kidimbwi, ongeza kokoto ujaribu tena. Wengi hutandika mawe chini ya chungu wakidhani wanasaidia maji kutoka. Hayasaidii. Maji hayavuki kirahisi kutoka punje ndogo kwenda mawe makubwa, hivyo udongo ulio juu ya mawe hubaki umeloa palepale mizizi ilipo.

Chagua chungu kipana kisicho na kina kirefu, kinachozidi upana wa shina kwa sentimita 3 hadi 5 kila upande. Kikubwa zaidi ya hapo kitakuwa na udongo mwingi usio na mizizi ya kuukausha. Kiwe na matundu kadhaa ya upana wa sentimita 1, na ukiinue juu ya vipande vya matofali ili hewa ipite chini. Epuka chungu chenye tumbo pana na shingo nyembamba: mizizi ikishanenepa, hutautoa mmea bila kukivunja.

Maji na jua

Usiku ukiwa na joto la nyuzi 20 za Selsiasi au zaidi na mmea una majani mabichi, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu usubiri. Chomeka kijiti kikavu cha mbao sentimita 5 ndani ya udongo. Kikitoka na unyevu au chembe zimegandia, ngoja. Kikitoka kikavu, mwagilia tena kwa wingi. Kwenye jua kali, chungu cha upana wa sentimita 20 kinaweza kuhitaji maji kila baada ya siku 2 hadi 4. Kudondosha maji kidogokidogo kila siku ni kosa, kwani juu hubaki pameloa na mizizi ya chini inakauka.

Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15, mmea hupunguza kazi, majani huwa ya njano na kupukutika. Si ugonjwa, ni usingizi. Hapa ndipo waridi nyingi hufa, kwa sababu mwenye mmea akiona majani yanaanguka hudhani ni kiu, akaongeza maji ambayo mizizi iliyolala haiwezi kuyanywa. Punguza mpaka mara moja kwa wiki 3 au 4, na kidogo tu. Chini ya nyuzi 10, acha kabisa na uuweke mmea mahali pakavu penye mwanga. Barafu ya usiku mmoja inatosha kuua matawi. Mvua za mfululizo nazo, hata za joto, zinahitaji paa. Upenu wa nyumba unatosha.

Jua la moja kwa moja liwe saa 6 kwa siku au zaidi. Kivulini matawi hurefuka yakiwa membamba na maua huwa machache au hakuna. Mmea uliozoea kivuli usiupeleke juani ghafla, maana ngozi ya shina huungua na pale palipoungua ndipo uozo hupenyea. Uzoeze kwa siku 10 hadi 14, ukianza na jua la asubuhi.

Mbolea ni jambo fupi. Tumia ya maji yenye virutubisho vilivyolingana, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kila baada ya wiki 2 hadi 3 wakati wa kukua, juu ya udongo uliokwisha loweshwa. Nitrojeni ikizidi hutoa majani makubwa na shina laini linalooza upesi. Mmea ukilala, hakuna mbolea.

Mbegu, vipandikizi na kubebesha

Anayetaka shina nene aanze na mbegu. Kipandikizi huota na kutoa maua mapema, lakini ni nadra kupata kitako kizuri. Mbegu ziwe mpya, kwani nguvu yake ya kuota hupungua kadiri zinavyokaa. Zilaze ubavu juu ya udongo uleule uliochekechwa laini kidogo, zipishane sentimita 3, uzifunike kwa milimita 3 hadi 5 tu. Kwenye joto la nyuzi 27 hadi 32 na unyevu usiokatika, huchomoza ndani ya wiki moja. Zikishachomoza acha uso wa udongo ukauke kidogo kati ya maji na maji, la sivyo kuvu itakata miche shingoni. Hamisha ikiwa na majani 6 hivi.

Kwa kipandikizi, kata tawi la sentimita 15 hadi 20, ondoa majani ya chini, ulining'inize kivulini siku 4 hadi 7 mpaka kidonda kikauke. Kulipanda bichi ni kulipeleka kuoza.

Jambo moja wanaonunua mbegu wanapaswa kulijua: mche hauwi lazima na rangi ya maua ya mama yake. Ukitaka rangi ileile, bebesha, yaani unganisha kipande cha mmea unaoutaka juu ya mche mwingine. Kata mche wenye mizizi mizuri kwa wembe safi, weka juu yake kikonyo (kipande cha tawi la mmea unaoutaka) chenye unene sawa, maganda yakutane angalau upande mmoja, funga kwa utepe wa plastiki na uvike kifuko kwa wiki 2 hivi mahali penye kivuli.

Kuhamisha, kunyanyua shina na kupogoa

Hamisha mwanzoni mwa kipindi cha joto, kila baada ya mwaka 1 au 2. Acha udongo ukauke kwanza, utoe mmea, kung'uta, kata mizizi iliyokufa. Panda upya shina likiwa juu zaidi ya zamani kwa sentimita 2 au 3, ili sehemu ya juu ya mizizi minene ionekane. Ukinyanyua zaidi kwa mkupuo mmoja, ngozi iliyokuwa gizani itababuka. Kisha usimwagilie kwa siku 7, vidonda vifunge.

Maua hutoka kwenye ncha changa, kwa hiyo mmea usiopogolewa hubaki na matawi marefu yenye maua machache mwishoni. Pogoa wakati huohuo wa joto, ukikata juu kidogo ya kovu la jani. Kila mkato kwa kawaida hutoa machipukizi zaidi ya moja. Vaa glavu. Utomvu wake una sumu inayoshambulia moyo, na wawindaji wa Afrika waliupaka kwenye mishale. Osha mikono na kisu, wala usiache matawi yaliyokatwa mahali watoto au mifugo wanapofika.

Wadudu na uozo

Vidukari vya njano hujaa kwenye ncha na vitumba. Mkondo wa maji na sabuni laini huvimaliza ukirudia kila siku 4 au 5. Utitiri huja wakati wa ukavu, majani yakawa na vidoadoa na utando mwembamba. Nyunyizia upande wa chini wa jani. Vidung'ata, wadudu wadogo weupe wenye unga, hufutwa kwa pamba yenye spiriti, na ukiona unga mweupe kwenye mizizi wakati wa kuhamisha, osha mizizi yote na utupe udongo. Dawa za mafuta zipulizwe jioni tu, kwa sababu juani huunguza majani.

Shina likilegea, libonyeze kabla ya kuamua. Likilegea sawasawa pande zote, ngozi ikiwa na mikunjo na udongo mkavu, ni kiu. Linyweshe, na ndani ya siku chache litakuwa gumu. Likiwa na sehemu moja laini inayobonyea, yenye rangi ya kahawia au harufu, ni uozo, na hakuna dawa ya kumimina itakayouponya. Ng'oa mmea siku hiyohiyo. Kata nyama iliyooza mpaka ufikie nyeupe au ya kijani isiyo na doa hata moja, ukifuta kisu kwa spiriti kila mkato, maana chembe moja iliyobaki huanzisha upya. Paka unga wa salfa au wa mkaa, ulining'inize mmea mahali pakavu penye hewa kwa wiki 1 hadi 3 kulingana na ukubwa wa kidonda. Kidonda kikiwa kigumu kama gome, panda kwenye kokoto na mchanga bila mboji, na usimwagilie mpaka uone machipukizi mapya.