Kuku wa Nyumbani Kwenye Baridi Kali: Anza na Banda Kavu

Kuku mzima mwenye afya ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi za Selsiasi. Akijitutumua, hewa inayonaswa katikati ya manyoya humkinga hata nje kukiwa na theluji. Kinachomwangusha ni unyevu. Manyoya yakilowa hayashiki tena hewa, na upanga (nyama nyekundu ya kichwani) na ndevu (zile zinazoning'inia chini ya mdomo) zikipata umande usiku huganda. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inalenga banda kavu. Kulipasha moto si kazi yetu.

Anza matayarisho majani yanapoanza kupukutika. Ukingoja barafu ya kwanza, utakuwa unapigilia misumari kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Hatua ya 1: Ruhusu hewa ipite juu, zuia upepo chini

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na wanakosea kwa huruma: wanaziba kila tundu ili kuku wasione baridi. Fanya hesabu. Kuku mmoja hunywa robo lita ya maji kwa siku, au pungufu kidogo. Kuku 10 ni zaidi ya lita 2. Ukiondoa yale yanayoingia kwenye mayai, karibu maji hayo yote hutoka kama pumzi na kinyesi, na sehemu kubwa hutokea usiku ndani ya banda lililofungwa. Yasipopata njia ya kutoka, yatatua kwenye dari, kwenye kuta, kisha kwenye panga za kuku.

Weka matundu pande mbili zinazotazamana, chini kidogo ya paa, angalau sentimita 30 juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala. Yafunike kwa wavu mgumu wa chuma wenye matundu madogo, kwa sababu vicheche nao wana njaa msimu huu. Halafu ziba kila ufa ulio usawa wa kuku au chini yake. Kujaribu, ning'iniza ukanda wa nailoni nyepesi mahali wanapolala, siku ya upepo. Ukipepea, bado kuna upenyo; utafute.

Asubuhi, kabla hujafungua mlango mkubwa, tazama dari na kioo cha dirisha. Ukiona matone au ukungu wa barafu, ongeza matundu. Inama pia hadi usawa wa matandazo uvute pumzi. Amonia, gesi kali inayotoka kwenye kinyesi, ikikuwasha macho, kuku wamekuwa wakiivuta usiku kucha, na mapafu yao yanaharibika kabla ya baridi kuwagusa.

Hatua ya 2: Matandazo mazito

Tandaza maranda makavu ya mbao kwa kina cha sentimita 15. Yageuze kila baada ya siku mbili tatu na uongeze mapya juu, mpaka yafike sentimita 30 hivi. Ukitupa mahindi kidogo juu yake, kuku watayageuza wenyewe. Kinyesi kikichanganyika na maranda makavu huoza taratibu na kutoa joto dogo, ingawa faida kubwa ni kunyonya maji.

Kipimo ni mkono wako: kamata konzi moja uifinye. Ikisambaratika ukifungua kiganja, uko salama. Ikibaki donge, toa sehemu iliyolowa yote. Nyasi kavu hazifai kuwa tandiko kuu ndani ya banda, kwani hulala bapa, hushika maji na kuota kuvu, na vumbi la kuvu huingia mapafuni.

Chini ya fito za kulalia weka ubao wa kudakia kinyesi, uukwangue kila asubuhi. Dakika tano hizo hupunguza unyevu kuliko kazi nyingine yoyote ya siku.

Hatua ya 3: Fito za kulalia

Tumia ubao bapa wenye upana wa sentimita 8 hadi 9, kingo zikiwa zimelainishwa. Kuku akiukalia, tumbo lake hufunika vidole vyote. Kwenye fito nyembamba ya mviringo vidole huchomoza na kuganda. Bomba la chuma usilitumie kabisa, linanyonya joto la miguu. Mpe kila kuku sentimita 25 hadi 30, na kimo kisizidi sentimita 60 kwa kuku wazito, maana wakiruka kutoka juu huumia nyayo.

Kabla ya baridi kuingia, kagua nyufa za fito kwa tochi usiku kutafuta utitiri mwekundu. Kuku anayenyonywa damu hana nguvu za kujipasha joto.

Hatua ya 4: Maji

Kuku asiyekunywa huacha kula, na asiyekula hupoa. Penye umeme salama, weka kitako cha kupasha joto chini ya chombo cha chuma. Pasipo na umeme, tumia beseni mbili za mpira mweusi, moja ikiwa ndani ya nyumba inayeyuka na nyingine kwa kuku. Mpira haupasuki, unaigeuza, unaikanyaga, barafu inatoka. Badilisha maji angalau asubuhi na alasiri. Chombo kiwe na mdomo mwembamba ili ndevu zisichovye, hasa za majogoo. Usikiache bandani usiku: kuku hawanywi gizani, na kazi yake itakuwa kuongeza mvuke tu.

Hatua ya 5: Chakula

Kuku wa mayai wa kawaida hula gramu 120 hivi kwa siku. Kwenye baridi kali anaweza kufika 150. Endelea na chakula kamili cha kutagia chenye protini ya asilimia 16, kiwepo muda wote wa mchana. Saa moja kabla ya giza, ongeza mahindi gramu 15 kwa kila kuku. Zaidi ya hapo unamnenepesha na kumpunguzia protini. Weka changarawe kwenye chombo chake, kwa kuwa ardhi ikifunikwa na theluji hawezi kuiokota, na firigisi bila changarawe haisagi nafaka. Papasa magole (mifuko ya chakula shingoni) machache usiku: lililojaa ni dalili njema.

Mayai kupungua ni kawaida, kwa sababu ya siku fupi. Ukitaka yaendelee, ongeza mwanga wa balbu ndogo alfajiri hadi jumla ifike saa 14, ukiongeza nusu saa kila wiki. Usiongeze jioni, taa ikizimika ghafla kuku hubaki sakafuni hawaoni pa kurukia.

Taa za joto

Ushauri wangu ni usiziweke. Maranda makavu, vumbi la manyoya na balbu yenye moto mkali ni njia ya uhakika ya kuunguza banda lote. Hata zisipowasha moto, kuku aliyezoea joto huanguka siku umeme unapokatika.

Upanga ukiganda

Ncha hugeuka nyeupe au kijivu, baadaye nyeusi. Mhamishe kuku mahali pakavu pasipoganda, lakini mbali na jiko. Usisugue na usitumie mashine ya kukaushia nywele. Miguu iliyoganda ichovye kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 38 hadi 40 kwa dakika 20, kisha ikaushe kwa kugusagusa. Usiyeyushe kitu kitakachoganda tena usiku uleule, maana mara ya pili huua nyama zaidi. Ncha nyeusi iache idondoke yenyewe. Ikivimba, ikitoa usaha au kunuka, mwite daktari wa mifugo. Vaselini ikipakwa kwenye upanga haizibi pengo la banda lenye unyevu.

Kuku anayesimama kwa mguu mmoja akiwa amejitutumua yuko sawa. Mtazame yule aliyefumba macho mchana, mabawa yakining'inia, asiyekuja chakula kinapomwagwa. Kuku uliyemhamisha akikaa ndani ya nyumba zaidi ya siku chache, mrudishe polepole kupitia chumba baridi, kwanza mchana tu, na usiku wa kwanza bandani uwe usio na upepo mkali.