Jina la mtoto atakayeitwa huku na huko

Mdogo wangu wa kiume na mkewe wanaishi Hamburg. Binti yao wa kwanza tulimwita Zawadi, jina la bibi yetu. Siku moja kliniki nesi akaita "Tsavadi! Tsavadi!" na wifi yangu amekaa tu na mtoto mapajani, hajui kama anaitwa yeye. Kwa Wajerumani z ni ts, na w ni v. Sasa ana mimba ya pili, na shangazi wa kutoa jina ni mimi hapa Magomeni, Dar es Salaam. Safari hii tunafanya hivi.

Anza na nchi kabla ya majina. Mtoto ataitwa wapi kila siku, na likizo ataitwa na nani? Kisha andika kila jina unalolipenda, upige mstari chini ya herufi zinazobadilika. Juma ni Yuma kwa Mjerumani, kwa Mhispania linakaribia Huma. Chausiku kwa Mfaransa hugeuka Shoziku. H yeye haitamki kabisa, na ndiyo maana jirani zetu wa Kongo wengi huandika Amisi, na Juma wakaliandika Djuma. Linaloniuma zaidi ni Neema: Mwingereza akiona ee husoma "Nima", silabi nzima imeliwa.

Usiamini macho yako peke yake. Mtumie mtu wa huko jina lililoandikwa tu, usimtamkie hata kidogo, umwombe alisome na kujirekodi. Wifi alimpa jirani yake majina manne. Jamila likarudi Yamila. Salama, ambalo mimi nilikuwa na uhakika nalo, likarudi Zalama! Amina na Imani yakarudi yalivyo.

Jaribu na upande wa pili. Wifi alipenda Ingrid. Mama yangu akaita "Ingiridi". Mimi sioni ubaya, maana jina bado linajulikana ni lile lile. Jiulize tu kama utavumilia kulisikia hivyo miaka yote. Kama hapana, liache sasa.

Tahajia mkubaliane mapema: Aisha, Aysha au Asha, moja tu, kwenye cheti cha kuzaliwa na pasipoti. Anayejifungulia hapa ana siku 90 za kumsajili mtoto RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, basi msibishane mpaka zikaisha.

Zawadi hatumbadilishi jina. Ni la bibi, na mama yake sasa kila akifika kliniki hulitamka kwanza yeye, polepole, nesi amfuatishe.

Kwa huyu anayekuja yamebaki mawili. Jana magharibi mama alisimama mlangoni akayaita yote kwa sauti, kama anamwita mtoto aliye uani arudi ndani. Alipoita Imani, jirani wa nyumba ya tatu akaitika, akauliza huyo Imani ni nani.