Somo: Kubadili vikombe kuwa gramu bila kuharibu keki

Kikombe hupima ujazo, gramu hupima uzito. Ndiyo maana hakuna hesabu moja inayofaa kwa vyakula vyote.

1. Jua kwanza kikombe ni cha wapi. Cha Marekani ni karibu mililita 240, cha Australia ni 250. Kijiko cha chai ni mililita 5. Cha chakula ni 15, ila Australia ni 20. Huna kikombe cha kupimia? Weka bilauri kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, mimina maji hadi isome gramu 240, kisha tia alama.

2. Kikombe kimoja cha Marekani, kwa gramu:
Unga wa ngano: 125
Sukari nyeupe: 200
Siagi: 227
Maziwa: 245
Asali: 340
Kwa hiyo kilo ya sukari ni vikombe 5, kilo ya unga vikombe 8.

3. Unga ndio unaoharibu keki nyingi. Ukichota kwa kikombe ndani ya pakiti unashindiliwa, na kikombe hufika gramu 150. Kwa vikombe 3 umezidisha gramu 75, zaidi ya nusu kikombe, na keki hutoka kavu, ngumu, imepasuka juu. Vuruga unga kwa uma, jaza kikombe kwa kijiko bila kukigonga mezani, halafu sawazisha kwa mgongo wa kisu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada, sina mizani. Nifanyeje?
Jibu: Tumia vijiko vya kupimia, mpendwa. Vijiko 16 vya chakula vya mililita 15, vilivyosawazishwa, ni kikombe kimoja. Vijiko vya kulia vya nyumbani usivitegemee kwa hamira, havilingani.

Swali: Mapishi ya Marekani yanataka "stick" 1 ya siagi. Ni kiasi gani?
Jibu: Gramu 113, yaani nusu kikombe. Ukiwa na pakiti ya gramu 250, kata katikati kisha punguza gramu 12, karibu kijiko kimoja cha chakula kisichojaa.

Swali: Mchele wa vitumbua napima kabla au baada ya kuloweka?
Jibu: Kabla, shoga. Ukiloweka unanyonya maji na kuvimba, hivyo kikombe cha mchele uliolowekwa kina punje chache. Ukipima hapo, nazi na sukari zitazidi.

Swali: Na joto la 350 kwenye oveni?
Jibu: Hizo ni Farenhaiti. Weka Selsiasi 175 hadi 180.