Kuanza kufuga nguruwe watatu kwenye eneo dogo

Mwongozo huu umetokana na maswali ya rafiki niliyemsaidia kuanza. Ni kwa mtu mwenye eneo dogo anayetaka kununua watoto walioachishwa kunyonya, awanenepeshe, kisha awauze. Usianze na jike mwenye mimba hata ukipewa kwa bei nzuri. Kuzalisha kunataka macho ya usiku na mikono iliyokwisha kumzoea mnyama.

Hatua ya 1: Eneo na banda

Hakikisha sheria za mahali ulipo zinakuruhusu. Chagua sehemu iliyoinuka, yenye kivuli, ambayo upepo wake hauelekei kwa jirani. Chumba cha mita 2 kwa 3 kinawatosha watatu mpaka siku ya kuuzwa. Ukuta uwe kama mita 1, na juu yake pawe wazi hewa ipite.

Hatua ya 2: Sakafu

Mwaga zege, na kila mita moja ishuke sentimita 3 au 4 kuelekea kwenye mfereji. Usiisugue ikawa laini kama ya sebuleni, maana nguruwe atateleza na kuumia miguu. Isiwe na ncha kali pia, zitamchubua kwato. Zege ikikauka, mwaga ndoo ya maji upande wa juu. Yakituama popote, parekebishe kabla hujanunua mnyama.

Hatua ya 3: Kununua

Chukua wenye wiki 8 hadi 10, wote wa mama mmoja ikiwezekana, kwa sababu wakichanganywa wasiojuana hupigana. Madume wawe wamehasiwa. Wakague wakiwa wanakula: anayebaki kona peke yake, anayekohoa, anayeharisha au mwenye ngozi ya magamba, mwache.

Hatua ya 4: Kuwaonyesha pa kujisaidia

Hapa ndipo wengi wanapohangaika, na ukipapatia vizuri siku za mwanzo umejipunguzia kazi kubwa ya usafi.

Nguruwe kwa asili yake hapendi kuchafua anapolala. Huchagua penye baridi, unyevunyevu au upepo. Kwa hiyo kabla hawajaingia, tandika maranda makavu upande wa juu, halafu lowesha kona ya chini karibu na mfereji. Weka hapo koleo la kinyesi chao wenyewe ulichokuja nacho kutoka kwa muuzaji. Usichukue cha shamba jingine, utaleta magonjwa. Siku ya kwanza nyunyiza chakula kidogo juu ya maranda, kwa kuwa wanapokula hawapendi kupachafua.

Kosea mambo haya na mpango wote utaharibika. Chumba kikiwa kikubwa mno kwa watoto wadogo, watalala sehemu moja na kuchafua kwingine kote. Zuia sehemu ya chumba kwa mbao, uwaongezee nafasi kadiri wanavyokua. Bomba la maji likivuja upande wa kulala, patalowa na kugeuka choo. Ufa unaoingiza upepo nyuma ya matandiko, uzibe.

Halafu kuna joto. Nguruwe hatoi jasho la kumpoza, hivyo jua likikaza atajilaza kwenye kinyesi na mkojo, na ule upande mkavu ataufanya choo. Watu husema ni mchafu, kumbe anatafuta ubaridi. Ongeza kivuli, mnyunyizie maji mchana, na usijaze wanyama kupita kiasi. Bila hayo hakuna mafunzo yatakayomsaidia.

Siku za mwanzo usioshe sakafu nzima. Kwangua upande wa kulala, badilisha maranda yaliyolowa, na kule kwenye kona bakiza kinyesi kidogo kiwe alama.

Hatua ya 5: Maji na chakula

Funga chuchu ya maji, yaani kifaa cha bomba ambacho nguruwe hukibonyeza kwa mdomo maji yakatoka, upande wa chini, juu ya ile kona yenye unyevu. Mimi siwashauri watu beseni: hulipindua, hulala ndani yake, hulichafua. Nguruwe aliyekosa maji kwa muda mrefu huweza kudhurika na chumvi iliyomo kwenye chakula, kwa hiyo jaribu chuchu kila asubuhi.

Chakula kiwe na nafaka, mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta), soya na madini. Soya ichemshwe au ikaangwe, kwani mbichi huzuia mwili kutumia protini. Mahindi yenye ukungu yatupe.

Mabaki ya jikoni yenye nyama sikubaliani nayo kabisa. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na virusi vyake huishi muda mrefu kwenye nyama ya nguruwe mbichi, iliyokaushwa na hata iliyogandishwa, hivyo mabaki hayo yanaweza kukuletea ugonjwa huo bandani.

Hatua ya 6: Ulinzi dhidi ya magonjwa

Weka viatu vya bandani pekee. Mnunuzi wa nguruwe asiingie ndani, awaangalie kupitia juu ya ukuta. Dawa ya minyoo wape wiki ya kwanza, kwa kipimo cha daktari wa mifugo kulingana na uzito. Ukileta mwingine baadaye, mtenge siku 30, na umhudumie mwisho baada ya wenzake.