Ziara ya kuona ndege Entebbe: maswali matatu yanatosha

Ukiwapeleka wanafunzi kuona ndege kuukuu za kusafiria zilizo kwenye ufukwe wa Aero Beach, Entebbe, Uganda, usiwape karatasi ya maswali 20. Watanakiliana majibu na ndege hawataitazama. Uliza matatu ya kutazama tu: injini zimefungwa wapi, magurudumu ni mangapi, nyuma ya bawa kuna vipande gani vinavyosogea? Ndani ya ndege njia ni nyembamba, hivyo waingie kumi kumi na mwalimu, wengine wachore nje. Hesabu vichwa kila wanapopanda basi.

Habari za anga za juu zianzie darasani: tengenezeni kiboksi cha karatasi ngumu, sentimita 10 kila upande. PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda iliyorushwa Novemba 2022, ilikuwa na takriban ukubwa huo.