Jinsi ya kuielewa skolastiki kwa kusoma kipengele kimoja tu cha Thoma wa Akwino

Ukitafuta maana ya skolastiki utakutana na sentensi moja kavu, kwamba ni falsafa ya Kikristo ya zama za kati iliyounganisha imani na akili, watu wanaikariri kwa ajili ya mtihani na hapo ndo mwisho. Kiukweli sentensi hiyo haina kosa ila haikufikishi popote, maana skolastiki ilikuwa kwanza ni namna ya kufanya kazi, watu wanabishana kwa utaratibu maalumu, na utaratibu huo unaushika ukikaa na maandishi yao wenyewe.

Historia usichimbe sana kwa kuanzia. Jua tu kwamba Anselmo wa Canterbury, aliyefariki 1109, alitaka imani yake itafute kuelewa, kwamba Petro Abelardo alikusanya maswali 158 ambayo mababa wa Kanisa, yaani waandishi wakubwa wa Ukristo wa mwanzo, wanaonekana kupingana na akawaachia wanafunzi kazi ya kuyatatua, na kwamba baadaye kwenye vyuo vikuu kama Paris na Oxford vitabu vya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, viliingia kwa Kilatini pamoja na ufafanuzi wa Waislamu kama Ibn Sina na Ibn Rushd. Mwalimu alikuwa anasoma kitabu na kukifafanua, halafu kuna mdahalo, hoja zinarushwa huku na huku na mwisho mwalimu anatoa uamuzi.

Sasa fungua Summa Theologiae, muhtasari mkubwa wa teolojia ambao Thoma wa Akwino, mtawa na mwalimu wa karne ya 13, aliuanza kama 1265 akauacha Desemba 1273 bila kuumaliza. Tafuta I, 2, 3, yaani sehemu ya kwanza, swali la 2, kipengele cha 3. Ni kifupi, kurasa chache tu. Anauliza kama Mungu yupo.

Mstari wa kwanza kabisa unasema inaonekana Mungu hayupo. Hapo ndo wageni wengi wanapotea, wanadhani Thoma anaongea msimamo wake, wengine mpaka wananukuu hiyo mistari kama maneno yake, kumbe anampa mpinzani nafasi aanze. Pinzani ya kwanza, yaani hoja ya kwanza ya kupinga, inasema Mungu ni wema usio na mwisho, na kitu kisicho na mwisho hakiachi nafasi kwa kinyume chake, lakini ubaya upo duniani, kwa hiyo Mungu hayupo. Ya pili inasema mambo yote yanaelezeka kwa maumbile na kwa akili na utashi wa binadamu, sasa Mungu wa nini? Usiziruke hizi. Hata leo asiyeamini akija kubishana na wewe mara nyingi atakuja na hizo hizo mbili, na Thoma ameziandika kwa nguvu yake yote bila kuzidhoofisha ili azishinde kirahisi. Mimi naona hiyo ndo heshima kubwa kabisa ya skolastiki na ndo sababu nawaambia watu waisome.

Kinachofuata ni kifupi: anasema kinyume chake kuna Kutoka 3:14, "Mimi niko ambaye niko". Halafu inakuja sehemu ya "najibu", hapa sasa ni Thoma mwenyewe, na hapa soma polepole na kalamu mkononi. Anatoa njia tano. Chukua ya kwanza tu, ya mwendo, kwa maana ya badiliko lolote. Mfano wake ni ukuni na moto: ukuni unaweza kuwa wa moto lakini bado haujawa, unahitaji kitu ambacho tayari ni cha moto kiufikishe hapo, haujifikishi wenyewe, na mnyororo wa visukumaji, yaani vitu vinavyobadilisha vingine, haurudi nyuma bila mwisho, ndo anafika kwa msukumaji wa kwanza asiyesukumwa. Andika kila hatua kwa maneno yako, ukikwama jua ni hatua ipi hasa huikubali.

Malizia na majibu kwa zile pinzani. Ubaya anaujibu kwa kumtumia Agostino, mmoja wa mababa wa Kanisa, kwamba Mungu asingeuruhusu kama hana uwezo wa kutoa wema hata humo. Pima mwenyewe kama jibu linatosha.

Na ukisikia kwamba hawa jamaa walikuwa wanategemea tu fulani kasema, nenda I, 1, 8, Thoma anakubali wazi kwamba hoja inayosimama juu ya mamlaka ya akili za watu ndo dhaifu kuliko zote, mamlaka anayoipa nguvu ni ya ufunuo wa Mungu.

Ukimaliza rudi I, 2, 1, uone anavyoikataa hoja kwamba ukishaelewa tu neno Mungu maana yake nini basi umeshajua yupo, hoja inayofuata njia ya Anselmo, mtakatifu mwenzake wa Kanisa hilo hilo. Soma kwa mpangilio ule ule, pinzani kwanza.